Shimo la Maman Cibalonza na Moshi wa Wakubwa

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Bagira. Maman Cibalonza amepiga magoti kando ya shimo lake la kuivishia ndizi, akiondoa udongo kwa viganja. Juzi alilipasha kwa moto, akazoa majivu, akatandika majani ya mgomba, akapanga mikungu na kufunika. Sasa fukuto linampanda usoni. Anabonyeza ndizi moja, anasonya.

"Udongo ilikuwa mingi," anasema. "Joto ikakosa njia. Imepikika mbele ya kuiva."

Mkungu mzima hautafaa tena kwa kasiksi, pombe ya ndizi iliyowalisha wanawe wanne tangu mumewe afariki. Lakini si hasara hiyo inayomuudhi. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya umma isiyokataliwa na mtu, majirani wameamriwa kuja na majembe kulifukia shimo hili.

Amri ni ya mkubwa wa mtaa. Kiangazi hiki cha 1989 alisikia redioni kwamba moshi unaipasha dunia joto. Akapanda hadi hapa kwa motokari, akaiacha ikinguruma mlangoni muda wote aliozungumza.

"Citoyenne, mama mwananchi, moto yako inachoma mbingu."

"Na hii yako, chef, inapika nini?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Kasiksi ya juzi ulisema iko muzuri. Ilitoka mu hii shimo."

Redio haikudanganya. Jirani yake Mushagalusa, mwalimu wa sayansi, alimweleza jambo hilo wakiwa wameketi papa hapa. Mwanga wa jua hupenya hewani na kuipasha ardhi. Ardhi hulitoa joto hilo kwenda juu, na gesi chache, hasa hewa ya ukaa, hulinasa na kurudisha sehemu yake chini. Bila gesi hizo tungeganda kwa baridi. Zikizidi, joto nalo huzidi. Na zinazidi, hasa kwa makaa ya mawe na mafuta yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, ambayo nchi tajiri ndizo zinazoyachoma zaidi. Miti nayo ikikatwa pasipo kupandwa mingine, hewa hiyo hukosa pa kurudi.

"Basi iko kama shimo yangu," Cibalonza alisema. "Nani anaongeza udongo?"

"Wewe unatia kiganja, maman. Bengine banamwaga malori."

"Hata kiganja ni udongo, sikatai. Lakini baanzie kwangu?"

Waanzie kwake kwa nini? Magogo ya msitu hushuka mjini mchana kweupe kwa njia ya Kavumu, na hakuna salongo inayoyasubiri barabarani. Anayefukiwa ni mjane, kwa kuwa moshi wake uko karibu na hauna mlinzi getini. Hiyo si sayansi. Ni uonevu ulioazima maneno ya sayansi.

Nyuma ya migomba yake ipo miche ya miti, imeoteshwa katika makopo ya maziwa. Anataka izunguke kiwanja chote, akate matawi tu ya kulipashia shimo, mashina yaendelee kukua. Miche mingine ameitenga awape majirani.

"Majembe itakuja, iko amri," anasema, akizirudishia udongo ndizi zilizobaki, safari hii kidogo kidogo. "Nitabapokea mulangoni, kila mutu na muti yake. Bachimbe. Kufukia, hapana."