Baba Aliandika "Majani"

Juzi, katika hospitali moja mjini Kisii, nilimwona muuguzi akimpa mgonjwa asiyeweza kusema karatasi yenye picha, ili aonyeshe kwa kidole anachotaka. "Ugonjwa huu wa neva haumalizi misuli tu," aliniambia. "Wengine hupotelewa hata na maneno." Nilitoka nje kwa hasira, nikimkumbuka Baba.

Baba alikuwa mwalimu huko Magwagwa. Ugonjwa huo huo ulipomnyang'anya sauti, Baba Mdogo alimletea ubao mdogo na chaki. Mchana mmoja, nyumba ikinukia ndizi zilizochemshwa, Baba aliandika "majani". Nilikimbia jikoni nikamletea pakiti ya majani ya chai. Akatikisa kichwa, akafuta, akaandika tena "majani". Nilidhani ni mchezo, nikacheka. Akaisukuma ile pakiti, majani yakamwagika sakafuni.

"Huyu anatuchezea!" Baba Mdogo alifoka. "Mwalimu mzima! Mkono si bado unaandika? Basi aandike anachotaka!"

"Labda ana kiu," Mama alisema, akamwekea kikombe cha maji mdomoni. Baba alikunywa polepole hadi akayamaliza, machozi yakimtoka.

Baba Mdogo aliyaona hayo kwa macho yake, na bado akauchukua ubao. Alisema angeurudisha Baba akiacha kiburi. Hakuurudisha. Baba aliishi mwaka mzima baada ya siku ile, na katika mwaka huo hakuna aliyemuuliza tena anataka nini, hata mimi.