Bolti ya Nne

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijalegeza hata nati moja: nilimuuliza Afande ni nani aliyefunga kile kiyoyozi. Ningenyamaza nikaanza kazi, leo nisingekuwa na cha kukueleza. Na ninachokueleza kilitokea kweli, saa nane mchana, kwenye mtaa wa mafundi wa Katwe, jua likiwaka. Usiniambie nilikuwa nimelewa. Sinywi.

Afande ni askari polisi mstaafu, mama wa Gulu, mwenye karakana niliyokuwa nafanyia kazi. Mwezi ule alikuwa anajiandaa kurudi kwao, akitafuta fundi wa kumwachia ufunguo. Siku moja akanipa gari lake mwenyewe, Corona nyeupe ya zamani, nitoe kiyoyozi chote. Kilikuwa kimekufa miaka mingi; kompresa imekwama, na mkanda ulilia kila akipanda kilima cha Makindye. Nikaelewa kwamba huo ndio mtihani.

"Toa yote," akasema. "Lakini usitupe kitu. Weka kwenye buti."

"Nani alifunga, Afande?"

"Wekesa." Akatabasamu, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu. "Marehemu sasa. Mkenya wa Bungoma. Huyo alikuwa fundi."

"Na mimi?"

"Wewe? Wewe unasoma gari kwa simu!" Akacheka, akaenda kula.

Ni kweli, nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu. Ndiyo maana nina wasiwasi na kila kitu. Huchora injini kwenye kipande cha boksi, na kila bolti ninayoitoa naichomeka mahali pake kwenye mchoro. Hata kitandani huwaza kama nilikaza. Lakini nilipoinua boneti niliona kazi ya mtu asiyejua wasiwasi. Mabomba ya alumini aliyakunja kwa mkono, yakaizunguka injini bila kugusa popote, na kila yalipokaribia chuma aliyavisha kipande cha ngozi yasigonge. Utaniamini nikisema kifua kiliniuma? Nilimwonea wivu mtu aliyekufa. Nilimulika kwa tochi nikitafuta kosa lake moja tu. Sikulipata.

Nikafunga geji za kupima gesi. Mishale yote miwili sifuri. Gesi ilikuwa imeisha zamani. Tafadhali likumbuke hilo. Nikatoa mkanda, kompresa, na kondensa iliyo mbele ya rejeta. Likabaki sanduku la baridi chini ya dashibodi. Bolti tatu zikatoka, sanduku likakataa kusogea. Nikavuta, nikasukuma, nikatafuta kwenye simu. Saa nzima.

Hapo nyundo zikanyamaza. Wewe unayeijua Katwe, umewahi kuisikia kimya mchana, pamoja na wale wote wanaogonga majiko na masufuria tangu asubuhi? Zilinyamaza zote mara moja.

"Ya nne iko nyuma ya mpira wa maji," mtu akasema. "Ingiza mkono kama unatafuta yai chini ya kuku."

Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli ya bluu, ameegemea mlango. Nilidhani ni fundi wa jirani. Nikaingiza mkono, nikaipata. Badala ya kushukuru, nilichukia.

"Na bolti umezipanga kama wageni wa harusi," akanitania. "Unaogopa zitatoroka?"

Nikachukua msumeno.

"Haya mabomba usiyakate, kijana. Nati zimekauka tu. Tia mafuta, ngoja kidogo, yatatoka mazima. Halafu mwambie Afande kwamba—"

Nikaanza kukata. Ngoja nikiri vizuri: sikukata kwa sababu ya nati. Nilijua yakitoka mazima, Afande atayatazama kila siku na kunipima nayo. Na huyu naye alikuwa anajua kila kitu. Nilivuta msumeno kwa nguvu ili nisimsikie.

Bomba lilipokatika lilipiga mluzi. Gesi ikatoka, kwenye mfumo uliokuwa mtupu na wazi, na mkono wangu wa kulia ukafunikwa na barafu nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga kelele. Nilipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu, na nyundo zilikuwa zinagonga kama kawaida.

Afande aliporudi alitazama ndani ya buti muda mrefu.

"Umekata."

"Nati zilikuwa zimekauka, Afande."

Akaliona sanduku. "Ya nne uliipataje?"

"Kuna fundi alipita, akanionyesha."

"Fundi gani? Hiyo hakuna anayeijua. Hata mimi Wekesa alikataa kuniambia. Alisema siku ya kuitoa, mtu atamuuliza yeye mwenyewe." Sauti yake ikashuka. "Alisema nini?"

Nikamweleza yote, mpaka pale pa "mwambie Afande kwamba".

"Kwamba nini?"

"Sikusikia, Afande. Nilikuwa nakata."

Akakaa chini, pale pale kwenye mafuta, na gauni lake zuri. "Huyo alikuwa mtu wangu," akasema. "Miaka yote natembeza hii gari mbovu, banange, jamani, na wewe umeshindwa kungoja neno moja?"

Hakunifukuza. Ufunguo alimpa fundi mwingine, akaenda Gulu na vile vipande. Mara kwa mara hunipigia simu kuuliza kama yule mtu amerudi. Namwambia bado, naye hukata bila kuaga.

Ndugu yangu, ukikutana na kazi iliyokuzidi, chungulia kwanza moyoni mwako ndipo ushike msumeno. Na mtu akiwa na neno la kupeleka kwa mwingine, mwache alimalize.

Mkono wangu wa kulia haujapata joto hadi leo. Wateja wakinisalimia kwa mkono huuachia haraka. Viyoyozi niliacha. Siku hizi natengeneza breki tu, kwenye karakana ya watu huko Ggaba, na mtu akianza kusema nami naweka spana chini.