Majivu ya Mama wa Maandazi

Mimi na dada yangu tunafinyanga vikombe na mabirika hapa Kasulu. Dawa ya kuving'arisha tunaichanganya wenyewe: majivu, udongo mweupe na chupa zilizosagwa. Majivu hutoka kwa mama mmoja wa Kabanga anayepika maandazi. Kila gunia jipya likija, mimi hutengeneza dawa kidogo, naipaka kwenye kigae, nakichoma, kisha nakilinganisha na kigae cha gunia lililopita.

Dada huona huo ni wazimu. "Majivu ni majivu, mdogo wangu. Unataka yakwambie nini?"

Safari ile hakusubiri. Nilipoingiza kigae changu kwenye tanuri, kumbe naye keshalipaka birika lake kubwa dawa ya gunia jipya, akalifunika na kulificha humo tanurini nyuma ya vikombe.

Tulipofungua, dawa ya kigae changu ilikuwa imetiririka yote hadi chini, kama uji uliofurika. Birika lilipendeza ajabu, la kijani kama parachichi, ila mfuniko umeganda. Dada alivuta. Nikavuta. Akalibana kwa magoti, mimi nikauvuta mfuniko kwa taulo, tukaanguka wote wawili.

Tukalibeba hadi Kabanga.

"Mama, kuna kitu umebadilisha jikoni?" niliuliza kwa adabu. "Tumepima majivu yako, tukaona..."

"Mmepima?" Aliacha kugeuza maandazi. "Majivu yangu yana malaria?"

Wateja waliangua kicheko. Alipopoa, alikumbuka kwamba kuni zilikuwa zimelowa na mvua, akapikia magunzi ya mahindi. Basi, hayo magunzi ndiyo yaliyoiyeyusha dawa kupita kiasi.

Wakati huo wateja walikuwa wakipokezana birika, kila mwanamume akikunja mikono ya shati kabla ya kushindwa. Fundi baiskeli alipoleta bisibisi, dada alipiga yowe.

Mama akalichukua, akatia faneli kwenye mdomo wa birika, akamimina chai ndani, kisha akalinamisha juu ya kikombe. Chai ikatoka.

"Mbona linafanya kazi? Na nzi hawaingii."

Hakuturudishia. Dada alinuna njia nzima, lakini gunia lililofuata alilipima mwenyewe, tena mara mbili.

Siku hizi mama yule hupiga simu kila anapobadilisha kuni. Jumapili iliyopita alinipigia akinong'ona.

"Mwanangu, leo nimechoma stuli ya mzee. Mwenyewe hajajua. Lakini nyie pimeni."