Gugu la Upande wa Limi

Esta, ambaye kijiji kizima cha Samuye kinamwita Mama Nkwabi, hufagia uwanja wake mara mbili kwa siku. Mumewe husema hata kuku wao hupangusa miguu kabla ya kupita. Adui yake hapa duniani ni gugu moja la miba, jamii ya mbigili, lenye maua ya zambarau, linaloota nyuma ya zizi la ndama. Ameling'oa miaka ishirini, nalo hurudi kila mvua likitokea shamba la jirani yake, Limi. Ndiyo maana humwita Limi mvivu, tena kwa sauti ya kuvuka uzio.

Mwaka huu binti mmoja anayesomea mimea chuo kikuu, Vumilia, alipita kijijini akalipiga picha gugu lile, na walimu wake hawakulikuta katika kitabu chochote. Akapiga simu: "Mama, nitakuja Alhamisi kuangalia ile mimea nyuma ya zizi."

Mgeni wa chuo kikuu! Jumatano Esta alishika jembe tangu alfajiri. Akang'oa, akakusanya, akachoma. Mgeni asije akakuta miba.

Vumilia alifika na karatasi zake za kukaushia mimea, akasalimia, akazunguka zizi. Akarudi na uso wa mtu aliyepotelewa na simu.

"Mama, ule wenye miba uko wapi?"

"Nimeusafisha wote, mwanangu!" alisema Esta kwa fahari.

"Ndio niliofuata. Bila ua na mzizi hatuwezi kuuandika kitabuni. Maua hudumu wiki moja tu, kisha tungoje mwaka mzima."

"Miaka ishirini unapigana," mumewe alisema kutoka kwenye kigoda, "na siku ya kushinda ndiyo hii umeichagua."

Esta aliutazama uzio. Ng'ambo yake, katikati ya mtama wa Limi, maua ya zambarau yalikuwa yamesimama wima kama yameitwa. Akajifunga kanga upya, akamwongoza mgeni.

"Karibu, mayu," Limi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, akiwa ameshaelewa kila kitu, maana moshi wa jana ulimfikia. "Umekuja kunisaidia kupalilia?"

"Nimekuja kuomba gugu."

"Kwa mvivu?"

"Kwa jirani yangu ambaye... ambaye hana haraka."

Limi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwonyesha Vumilia mmea ulionona kuliko yote. Vumilia akauchimba na mzizi wake, akatoa kalamu. "Niandike umetoka wapi?"

"Shamba la Limi," alisema Limi polepole, ili kila herufi ipate nafasi.

"Samuye," Esta akaongeza haraka. "Jirani na kwa Mama Nkwabi."

Mvua zilizofuata, mche mmoja wa miba ulichipua nyuma ya zizi. Esta alikuja na jembe, akaliinua. Kisha akapalilia kuuzunguka.