Jicho Lililolewa Asubuhi ya Harusi

Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe malaria kidogo. Ya siku moja tu, ya kunitoa kwenye kortege ya harusi ya shangazi yangu: wasichana tunaoingia salani, ukumbi wa sherehe, tukicheza mbele ya maharusi, na mimi nimewekwa mbele kabisa. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza kitu, najibu nikiangalia meza!

Asubuhi ya harusi nilikubali kwa furaha kazi ya kukata maua ya kupamba mlango. Maua hayakuangalii. Nilipomaliza nikajipangusa jasho usoni, nikarudi nyumbani kusukwa.

Maman alishika kichwa changu, kisha akasimama.

"Angalia huku. Eh, Mungu wangu! Jicho moja iko kubwa kuliko ingine!"

Nikachukua kioo. Ile kahawia ya jicho langu la kushoto ilikuwa imebaki uzi mwembamba. Katikati kote ni mboni, nyeusi tii. Mwanga wa dirishani uliniuma, na uso wangu mwenyewe niliuona kama kwenye ukungu.

Maman hakucheka. Kaka yake alianguka na pikipiki, mboni yake ikafunguka vilevile, kisha hakuamka tena.

"Ulianguka? Mutu alikupiga kichwa?"

"Hapana, maman."

Niliogopa sana. Na katikati ya woga nikagundua jambo la ajabu: kumbe nilitaka kucheza.

Tukashuka mtaa wa Kadutu mbio hadi kwa daktari wa macho, Koko, bibi yangu, nyuma yetu, amejifunga kikwembe chake kipya cha harusi. Daktari alikuwa mwanamke mchangamfu. Akanimulika na tochi. Mboni ya kulia ikajifinya mara moja. Ya kushoto ikabaki wazi. Kichwa kinauma? Umetapika? Unaona vitu viwili? Kope inaanguka? Yote hapana.

"Sikia, maman," akasema. "Mboni iko na misuli mbili. Moja inaizunguka, inaikaza sawa kamba ya mufuko. Ingine inaivuta, inaifungua. Amri ya kukaza inatoka kwa bongo, inapita kwa neva. Mutu akigongwa kichwa, damu inaweza kukandamiza ile neva, amri haifike. Ndio ile unaogopa."

Akaniwekea tone la dawa. Tukangoja. Maman alikuwa anasali bila sauti. Daktari akamulika tena, mboni haikutikisika, naye akatabasamu!

"Kama ingekuwa neva, hii dawa ingefunga mboni. Haikufunga. Basi kuna kitu iliziba mulango ya musuli yenyewe. Musuli imelewa."

Koko, ambaye sikio lake linachagua, akaruka.

"Amelewa? Asubuhi hii? Ni kasiksi, ile pombe ya ndizi ya wageni, alikunywa!"

"Hapana Koko, ni jicho ndio imelewa."

"Anakunywa na jicho? Batoto ba leo, bana!"

Daktari alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Kisha akanigeukia: leo ulishika nini?

"Maua," nikasema chinichini. "Ile meupe, kubwa, zenye kuinama sawa tarumbeta."

"Na kisha ukajipangusa macho. Maji ya ile maua ni sumu. Nawa mikono vizuri, na muyatupe mbali na batoto. Mboni itarudi yenyewe kisha siku chache."

"Anaweza kucheza?" Maman aliuliza huku machozi yanamtiririka.

"Acheze! Mumutafutie tu lineti nyeusi, mwanga itamuumiza."

Tulipata miwani ya tonton, baba yangu mdogo, pana, inateleza puani. Salani watu walijaa, taa, kamera ya video, kelele. Lakini nyuma ya miwani nyeusi hakuna anayejua unaangalia wapi. Nikainua kichwa. Hatua ya kwanza, ya pili, na kiuno kikakubali.

Katikati ya salani miwani ikaanguka. Sikuinama kuiokota. Mwanga ukanipiga, macho yote mawili yakajaa machozi, watu wote wakawa rangi tu, nyekundu na kijani na manjano, nami nikaendelea. Rangi moja ilitoka kwenye viti, ikaja kucheza kando yangu, ikipiga vigelegele kushinda muziki. Sikuona sura yake, lakini nilijua ni maman.