Ndege Iliyong'ang'ania Maji ya Lambo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho inanirudia nzima, na tope lake na harufu yake ya ng'ombe. Ilikuwa kiangazi, hapa Samuye, kando ya lambo la kijiji. Nilikuwa nimeshika rimoti kwa mikono miwili, ndege yangu ikielea mbele yangu, nami nikisubiri maji yatulie.

Kabla sijaendelea, niwie radhi. Nasaha hutolewa na wazee, nami sina hata unywele mmoja mweupe. Isitoshe, wewe bado hujazaliwa, na mama yako simjui kwa hakika. Bibi yangu husema mimi ni mtu wa kumtafutia ndama jina kabla ng'ombe hajapata dume. Ni kweli. Lakini kuna mambo nikingoja mpaka nizeeke ndipo nikuambie, nitakuwa nimerudia kosa lile lile ninalotaka kukuonya.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kwa Bibi kusubiri ajira. Hiyo nayo ni kazi, usiidharau. Unaamka, unatazama simu, unasoma tangazo mara tatu ukitafuta mahali ulipokosea wewe, kisha unalala. Ili nisiwe mwendawazimu nilianza kutengeneza ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, aina ile yenye maboya mawili badala ya magurudumu, inayoruka na kutua majini. Niliiona picha yake nikiwa chuo na haikunitoka. Nikaamua kujenga mfano wake halisi, kila kipimo nikikigawa kwa nane, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha.

Mwili wake niliuchonga kutoka kwenye boksi jeupe jepesi, lile wanalobebea samaki na barafu. Na hapo ndipo Kabula alipoingia katika habari hii. Kwao ni Tinde, na mama yake huuza samaki wanaoletwa kutoka ziwani upande wa Geita. Naye alikuwa amemaliza ualimu, akisubiri kama mimi. Asubuhi moja alimletea Bibi sato, akanikuta uani nimechuchumaa, kisu mkononi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Kumbe mwizi wa boksi la mama ni wewe, Shija!"

"Nililiokota."

"Uliliokota juu ya meza yetu. Unatengeneza nini?"

"Ndege. Ya kutua majini."

"Shinyanga hii? Maji yenyewe yako wapi?"

"Lambo."

Alicheka mpaka akaweka samaki chini. Mwanangu, kuna vicheko vinavyokudharau na kuna vicheko vinavyokukaribisha ndani. Kile kilikuwa cha pili. Tangu siku ile, kama nitasema ukweli, sikuwa nikijenga ndege tu. Nilikuwa nikijenga sababu ya yeye kurudi.

Akawa anarudi. Tulikwenda pamoja mpaka Katoro, tukiwa tumedandia gari la samaki la mama yake, kumwona mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyekuwa na droni iliyoanguka, mali ya wapimaji wa migodini. "Mota mbili nzima, betri nzima," alituambia. Alipoona ninavyoikagua, akamgeukia Kabula. "Dada, huyu jamaa yako akitafuta dhahabu hivi, wenzake watamaliza mwamba yeye bado anausalimia mwamba."

Kabula hakumwambia kwamba mimi si jamaa yake. Niliwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi, na wiki nzima iliyofuata.

Yeye ndiye aliyeipaka rangi, nyeupe na mstari wa bluu. Kwenye dirisha la nyuma akachora sura ndogo ya mwanamke. Nikamuuliza abiria huyo ni nani.

"Mimi. Mtu wa kwanza wa Tinde kupanda ndege bure."

Tatizo likawa kuruka. Nilichagua asubuhi mapema, kabla ng'ombe hawajafika, maji yakiwa yamelala kama kioo, kwa kuwa niliogopa hata wimbi la chura. Ndege ilikimbia vizuri, ikirusha maji pembeni, ikazunguka lambo lote kama kuku anayefukuzwa, lakini haikuachana na maji. Ilikuwa kama imeshikwa miguu. Nikairudisha nyumbani. Nikarefusha maboya. Nikasogeza betri mbele, kisha nyuma. Nikachonga ngazi ndogo chini ya kila boya, maana nilisoma kwamba ngazi hiyo husaidia boya kubanduka. Kila baada ya marekebisho Kabula alitoka Tinde kuja kuangalia, na kila mara nilimwambia neno moja, "Bado kidogo." Halafu nilimngoja arudi, na nikiwa peke yangu nilifanya mazoezi ya sentensi moja ambayo hata leo naona haya kuiandika. Aliporudi, nilimwonyesha boya.

Kisha ajira zikatoka, na jina lake likawamo. Kapangiwa shule huko Ruvuma, kusini kabisa, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Alikuja kuniambia akiwa ameshika mkoba wake kifuani.

"Naondoka Jumamosi. Nataka niione ikiruka kabla sijaenda. Mara moja tu, Shija. Hata ikianguka."

"Nikirekebisha boya la kushoto…"

"Boya la kushoto lina nini?"

Nilikuwa na jibu, refu na zuri. Nikampa lote. Alilisikiliza, akaaga.

Bibi alikuwa ameketi barazani akikata viazi vitamu vya michembe, vya kuanikwa juani. Hakuinua macho.

"Mume wangu," akaniita. Kwetu, mwanangu, bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa jina hilo, na utani huo una ruhusa ya kusema yale ambayo baba na mama hawawezi. "Yule binti anatoka Tinde na jua lote hili kuja kutazama boksi la samaki?"

"Si boksi tena, Bibi, ni…"

"Nyamaza. Nimekuuliza anakuja kutazama nini."

Nikaokota kiazi kilichodondoka, nikakigeuzageuza mkononi.

"Babu yako alipoleta mahari, ng'ombe mmoja alikuwa anachechemea. Ndugu zake wakamwambia angoje apone. Akamleta hivyo hivyo, anachechemea mbele za watu, baba yangu akacheka, nikaolewa. Angengoja, wewe ungekuwa mjukuu wa mwanamke mwingine, na labda ungekuwa na akili."

"Lakini Bibi, mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai kwa sababu hajaondoka. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Hiyo ndiyo methali yako. Hizo nyingine waachie wenye miguu."

Sikulala vizuri. Niliwaza kwamba ndege isiporuka, Kabula ataondoka akinikumbuka kama mtu wa bado kidogo. Niliwaza pia kwamba ikiruka, sitakuwa na sababu nyingine ya kumwita. Unaona jinsi akili yangu inavyofanya kazi? Ikipewa mlango, hutafuta mlango uliofungwa zaidi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa lamboni wote wawili. Maji yalikuwa yametulia. Nikakagua waya. Nikakagua usukani. Nikakagua waya tena. Jua likapanda, Kabula amesimama, kanga ameitupia kichwani. Nilipokuwa tayari, au nilipokaribia kuwa tayari, tukasikia njuga.

Ng'ombe wa Bibi na wa majirani walikuwa wakiteremka, na Bibi mwenyewe nyuma yao na fimbo. Hapa kwetu ng'ombe wakija majini, binadamu hupisha. Hakuna anayebishana na hilo, hata mwenyekiti wa kijiji. Wakaingia mpaka magotini, wakanywa, wakapiga mikia, na lambo zima likajaa vijiwimbi vilivyokimbizana mpaka kwenye maboya ya ndege yangu.

Nikashusha rimoti. "Basi. Maji yameharibika. Labda jioni."

"Jioni nafunga mizigo," Kabula akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. Kisha akamgeukia Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Unaondoka kesho?"

"Kesho, Bibi."

"Na huyu mume wetu hajakwambia?"

Kabula akanitazama, kisha akamtazama Bibi. "Hajaniambia nini?"

"Muulize yeye. Mimi nikisema ni utani. Akisema yeye ni neno."

Mwanangu, nilihisi masikio yanawaka. Wote wawili walikuwa wakinitazama, pamoja na ng'ombe mmoja mwekundu. Neno lilikuwa hapa, kooni. Na mimi, ili nisilitamke, nikafanya kitu pekee ambacho vidole vyangu vilikuwa vimekishika. Nikasukuma mota mpaka mwisho.

Ndege ikaondoka kwa kelele. Ikagonga kijiwimbi cha kwanza, cha pili, ikarukaruka juu ya vilivyofuata kama mtoto anayekimbia kwenye matuta, kisha ile kelele ya maji ikakatika ghafla. Palibaki sauti ya mota tu. Ilikuwa juu. Mstari wa bluu uliwaka juani, ikapita juu ya migongo ya ng'ombe, nao wakainua vichwa, maji yakiwachuruzika midomoni.

"Imeruka! Shija, imeruka! Bibi, niko mle ndani!" Kabula alikuwa akikimbia ukingoni, kanga imeanguka mabegani, mkono mmoja hewani kana kwamba yeye ndiye aliyeishika. Niliizungusha mara nyingi kuliko betri ilivyostahili. Nilijua ikitua, kuna swali linanisubiri.

Ilitua vibaya, boya moja likapinda. Kabula akaingia majini kuifuata, akarudi amelowa mpaka mapajani, ameikumbatia.

"Sasa niambie," alisema akihema. "Bibi alikuwa anazungumzia nini?"

Nami, mwanangu, nikamweleza kwa nini imeruka. Nilikuwa nimeielewa pale pale. Maji yaliyotulia hung'ang'ania boya, hayaachi hewa ipite chini yake, ndiyo maana siku zote lile lambo la kioo lilikuwa limetushika. Vijiwimbi vya ng'ombe ndivyo vilivyopenyeza hewa na kulibandua. Nilimweleza kwa ufasaha. Nilichora kwa kijiti kwenye tope.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliitikia kwa kichwa, akanikabidhi ndege, akasema, "Kumbe." Kisha akasema, "Asante kwa kunirusha." Bibi akaswaga ng'ombe wake akaenda. Siku hiyo hakunitania tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimemhuzunisha.

Jumamosi basi lilimchukua.

Tangu hapo ndege inaruka kila nikitaka. Nangoja ng'ombe waingie, naisukuma, inaondoka. Watoto wa kijiji hushangilia, wazee husimamisha baiskeli. Mimi hutazama ukingo ule mwingine, mahali alipokuwa akikimbia, na huko hakuna kitu ila kwato. Sikujua kwamba mtu anaweza kupata alichokihangaikia, tena kikawa kizuri kama alivyokiota, halafu akakitazama angani na kutamani kirudi kuwa boksi la samaki, na msichana amesimama uani akimwita mwizi.

Aliniandikia mara kwa mara. Ukungu wa huko, baridi, wanafunzi wanaocheka lafudhi yake ya Kisukuma. Nilimjibu kwa uangalifu, nikifuta na kuandika upya. Juzi Bibi alinikuta nikifuta. Alisimama tu, akanitazama kama anavyomtazama ndama anayeogopa zizi. Nikampigia Kabula.

Mtandao ulikuwa ukikatika. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba. Nikasema, "Kabula, siku ile lamboni, Bibi alitaka nikwambie kwamba nakupenda. Si yeye aliyetaka. Ni mimi. Ninataka kukuoa." Sentensi haikutoka kama nilivyoifanyia mazoezi. Ilichechemea.

Nikasikia mlango ukifungwa, na nyimbo za watoto zikabaki mbali.

"Shija," akasema, "siku ile nilisimama na nguo mbichi, nikakusikiliza habari za maji mpaka mwisho. Unajua nilikuwa nangoja nini?"

"Najua sasa."

"Nimengoja sana. Sasa na wewe ngoja kidogo. Nikija likizo nitakujibu nikiwa nakutazama. Jambo hili si la simu."

Basi nangoja, na katika kungoja huku ndipo ninapokuandikia.

Sikiliza, mwanangu. Kutengeneza vizuri si kosa. Pima, chonga, piga msasa, rekebisha, maana kazi mbovu ni aibu kwa aliyeifanya. Lakini jichunguze unapoanza kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika, kwa kuwa huenda mikono yako inakufanyia kazi ya kukuficha. Usingoje moyo wako utulie ndipo useme. Moyo uliotulia kabisa hauna wa kumwambia. Sema ukiwa unatetemeka, mbele ya mtu mwenyewe, angali karibu, nguo zake zingali mbichi. Akikukataa utaumia, nami nitakuwa nimeshaumia kabla yako, tutakaa wote. Lakini neno ulilomnyima mtu halifi. Hukaa nawe, na kila kizuri unachokipata baadaye humtafuta mtu huyo kando yako na kumkosa.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usio na subira kupita kiasi. Akupe mtu wa kukutania mpaka useme. Mifugo yako inywe, mvua ikunyeshee kwa kiasi, na njia zako za mbali zikurudishe nyumbani. Mama yako awe yule atakayekubali, nami nimheshimu siku zote za maisha yangu. Na akiwa ni yeye, mwanangu, uje ulimwenguni na kicheko chake.