Chai ya Fundi Mok

Fundi Mok Shiu-fai wa mtaa wa Sham Shui Po hakuwa mtu wa kumwamini mtu, sembuse mwanagenzi anayelipwa na serikali. Ati posho ya kujifunza kufunga majukwaa ya mianzi ya kusimamia wajenzi wa maghorofa! Enzi zake mwanagenzi alifagia, akatukanwa, na bado akashukuru. Serikali haitoi cha bure, alisema, na huyu Yip Lai-kwan, binti aliyeacha kazi ya kukaanga samaki, ama katumwa kuwapeleleza mafundi, ama ataila posho kisha ayeyuke.

Siku ya kwanza binti alimpa chai kwa mikono miwili. Desturi inajulikana: fundi akiinywa, umekuwa mwanafunzi wake; akiiacha, wewe ni mpita njia. Mok akaiacha. Kila asubuhi chai ililetwa, kila asubuhi ikapoa, na wenzao wakamtania binti kwamba anawakaribisha nzi.

Kila fundo alilofunga Lai-kwan, Mok alilivuta kwa nguvu zote, na akilikuta imara alizidi kununa. Mafundi wenzake walijua sababu. Mdogo wake alianguka akafa kwa fundo ambalo Mok hakulivuta, kwa kuwa aliyelifunga alikuwa rafiki.

Asubuhi moja alimwambia binti kwamba ofisa wa mafunzo anakuja mchana, na kwamba yeye Mok atamwomba ofisa huyo amwondoe. Bila fundi hakuna nafasi, wala posho. Lai-kwan akapanda jukwaani.

Ghorofa ya saba alikuta mwanzi uliofungwa na Mok mwenyewe. Hakuukanyaga. Alilishika fundo la mkubwa wake, akalivuta, akalivuta tena. Mafundi wote wakageuka kutazama.

"Unalivuta fundo langu?" Mok akauliza kutoka juu yake.

"Ndiyo, fundi."

"Nimefunga mianzi tangu kabla hujazaliwa. Huniamini?"

"Nakuheshimu, fundi. Lakini kumwamini mtu huku juu, hapana."

Mok akamkumbuka mdogo wake na fundo lile ambalo hakulivuta. Akashuka, binti akamfuata, maana ofisa alikuwa ameshafika, kalamu mkononi.

Kikombe kilikuwa pale pale tangu alfajiri, chai imepoa na kufanya utando. Mok akakiinua mbele ya ofisa, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akakunja uso.

"Kesho," akamwambia Lai-kwan, "niletee ya moto."